Dawa Kabla ya Swali: Mhadhara Kuhusu UTI Isiyoisha



Siku hizi mtu akisema ana UTI hakuna anayeshtuka. Inatajwa ofisini, bwenini na kwenye daladala. Mfanyakazi anaiombea ruhusa, mama anamhadharisha nayo binti yake, na muuza dawa anaanza kunyoosha mkono kwenye rafu kabla mteja hajamaliza kueleza. Wanaodai kwamba sisi tuna haya mno hata hatuwezi kuyasema maradhi ya njia ya mkojo hawajasimama karibuni kwenye foleni ya zahanati. Tunayasema, na tunayatibu haraka: sipro ya siku tano, sindano za siku tatu, na yakirudi, dozi nyingine yenye nguvu kuliko ya kwanza. Hoja yangu ni kwamba haraka hiyo ndiyo inayotuchelewesha. Mgonjwa anayefika hospitali ya rufaa akiwa na kibofu kilichoharibika, tezi dume iliyoziba njia, au saratani iliyokwisha kuenea, si ajabu ukisoma karatasi zake ukakuta hakujificha nyumbani. Alikwenda kutibiwa, akaambiwa ni UTI, akapewa dawa. Alikwenda tena, akaambiwa vilevile. Tiba ilimfikia kabla ya mtu yeyote kuuliza anaumwa nini.

Tuanze na ugonjwa wenyewe, maana upo na unaumiza. Mkojo hutengenezwa kwenye figo, hushuka kwa mirija miwili hadi kibofuni, kisha hutoka nje kwa mrija mmoja. Kwa mwanamke mrija huo wa mwisho una urefu wa sentimita 4 hivi; kwa mwanamume hufika kama sentimita 20. Bakteria wanaoishi katika utumbo wa kila mmoja wetu, hasa E. coli, wakisogea kutoka njia ya haja kubwa na kupanda mrija huo mfupi, hufika kibofuni na kuleta dalili ambazo wengi wanazijua: mkojo unachoma, haja inabana kila baada ya muda mfupi, yanatoka matone tu, na chini ya kitovu kunauma. Kwa mwanamke kijana, mwenye afya, asiye na mimba, anayeungua akikojoa na kwenda haja mara kwa mara bila kutokwa na majimaji ukeni, maelezo yake peke yake yanakaribia kutosha. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa Marekani mwaka 2002 yalikadiria kwamba mtu wa namna hiyo ana uwezekano unaozidi asilimia 90 wa kuwa na maambukizi ya kibofu kweli. Huyo simlalamikii. Apewe dawa fupi inayofaa, kwa mfano nitrofurantoini ya siku 5, aendelee na shughuli zake. Shida inaanza pale ambapo tiba iliyotengenezwa kwa ajili yake inagawiwa kwa mwanamume wa miaka 60, kwa mtoto wa shule wa Kwale anayekojoa damu, kwa kijana mwenye kisonono, na kwa mama aliyechoka tu na kuumwa mgongo.

Imefikaje huko? Sehemu ya jibu iko maabara. Kijiti chembamba cha plastiki chenye vibandiko vya rangi huchovywa kwenye kikopo cha mkojo, husubiriwa dakika moja au mbili, kisha hulinganishwa na rangi zilizochapwa ubavuni mwa kopo lake. Kibandiko kimoja hubadilika kikikutana na chembe nyeupe za damu. Kingine hubadilika kwa naitriti, ambayo baadhi ya bakteria huitengeneza mkojo ukikaa kibofuni kwa saa kadhaa. Vingine husoma damu, protini na sukari. Ni kipimo kizuri na cha bei nafuu, mradi msomaji asikilazimishe kusema zaidi ya kinachojua. Chembe nyeupe kwenye mkojo ni kama watu waliokusanyika barabarani: ukiwaona unajua kuna jambo, lakini huwezi kusema kwa mbali kama ni ajali, ugomvi au ngoma. Huja kwa UTI, na huja pia kwa kisonono na klamidia, kwa jiwe lililokwama, kwa kichocho, kwa kifua kikuu cha figo. Huja hata kwa sababu kikopo kilijazwa vibaya. Mwanamke akikabidhiwa kikopo bila maelekezo hukinga mkojo wa mwanzo, nao hubeba chembe za ukeni. Inatakiwa ule wa mwanzo auache uende, akinge wa katikati. Maelekezo hayo hayachukui hata nusu dakika. Palipo na foleni ya watu arobaini, nusu dakika hiyo ndiyo ya kwanza kukatwa.

Ushahidi kwamba tunazidisha haukosekani. Mradi wa utafiti uitwao HATUA, wa wataalamu wa Kenya, Tanzania na Uganda wakishirikiana na wenzao wa Uingereza, uliwahusisha wagonjwa zaidi ya 7,000 wenye dalili za UTI katika maeneo kama Mwanza, Mbeya, Kilimanjaro, Nairobi, Makueni na Mbarara. Mkojo wao ulioteshwa maabara, yaani ulipewa muda kuona kama bakteria watakua na ni wa aina gani. Waliothibitika kuwa na maambukizi walikuwa takriban theluthi moja. Msikilizaji makini ataniambia kwamba baadhi yao walikuwa wamekwisha kumeza dawa kabla ya kupimwa, na dawa huficha bakteria. Tena kuotesha nako kuna mipaka yake, kwani kiwango kinachoitwa maambukizi kimewekwa juu. Nakubali yote mawili. Lakini hata tukiwa wakarimu kwa makadirio, linabaki kundi kubwa la watu waliokuwa na dalili, wakastahili kusikilizwa, ila ugonjwa wao ukawa mwingine. Kwa watoto hali ni wazi zaidi. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2014, watoto 1,005 wenye homa waliofika kliniki za Dar es Salaam na Ifakara walichunguzwa kwa undani. Wenye maambukizi ya njia ya mkojo hawakufika 6 katika kila 100, na wenye taifodi hawakufika 4. Wengi walikuwa na maambukizi ya njia ya hewa. Linganisha hayo na idadi ya wazazi wanaorudi nyumbani na karatasi iliyoandikwa UTI na taifodi kwa pamoja, kana kwamba maradhi hayo ni mapacha.

Nadhani chanzo kimojawapo ni ushindi wetu wenyewe dhidi ya malaria. Zamani kila homa ilikuwa malaria, na dawa ilikuwa moja. Kilipokuja kipimo cha haraka na kuanza kusema hapana, pakabaki pengo: homa ipo, malaria haipo, mgonjwa amelipa nauli na ada na hataki kurudi na jibu la "hatujui". Mhudumu naye hapendi kumwambia mtu kwamba mwili wake utajitengeneza wenyewe. UTI ikaingia kwenye pengo hilo kwa sababu ina kipimo cha bei rahisi chenye uwezekano mkubwa wa kusema ndiyo, na ina dawa. Simlaumu mhudumu peke yake. Ukimwona mgonjwa anayeondoka na panado tu akinung'unika kwamba hakutibiwa, utaelewa kwamba biashara hii ina pande mbili.

Pingamizi ninalolisikia mara nyingi kuliko yote ni hili: "Lakini mimi nilikunywa dawa, nikapona." Ni pingamizi la mtu mkweli, na linastahili jibu kamili. Kwanza, maambukizi mepesi ya kibofu mara nyingi hupungua yenyewe. Jaribio lililofanyika Ujerumani na kuchapishwa mwaka 2015 liligawanya wanawake wenye UTI nyepesi katika makundi mawili, moja likapewa antibayotiki, lingine dawa ya maumivu tu. Theluthi mbili ya kundi la pili walipona bila antibayotiki kabisa. (Sisemi mwache dawa: katika kundi hilo dalili zilikaa zaidi, na maambukizi ya figo yalikuwa mengi kidogo.) Kwa hiyo kupona baada ya kumeza hakuthibitishi kwamba kilichomezwa ndicho kilichoponya. Pili, na hili ni zito zaidi, maradhi makubwa ya njia ya mkojo yana tabia ya kuja na kuondoka. Jiwe likisogea, maumivu hukatika. Damu ya saratani ya kibofu huonekana siku mbili, ikapotea mwezi mzima. Mtu aliyemeza dozi katikati ya siku hizo ataapa kwamba dawa ilifanya kazi, naye ataipendekeza kwa jirani. Ndiyo maana sikubali sana msemo wa UTI sugu. Palipo na usugu wa kweli wa bakteria, kuotesha mkojo kutauonyesha, na katika utafiti wa HATUA karibu nusu ya bakteria waliopatikana walikuwa sugu kwa dawa za makundi kadhaa, jambo la kutisha. Lakini ugonjwa uliotibiwa mara nne bila kuoteshwa hata mara moja hauwezi kuitwa sugu. Hakuna anayejua ni ugonjwa gani.

Mfano unaonifaa zaidi ni kichocho, kwa sababu ni wetu, ni wa kale, na kinatibika. Theodor Bilharz, daktari Mjerumani aliyefanya kazi Cairo, aliwaona minyoo wake mwaka 1851. Aina inayoshambulia kibofu iko Unguja na Pemba, Kwale na Tana River, na katika mabwawa na vijito vya Mwanza, Simiyu na Shinyanga. Ile ya fukwe za Ziwa Viktoria kwa kawaida ni ya utumbo, na dalili zake ni nyingine. Konokono mdogo wa maji baridi huviachia majini vijidudu visivyoonekana kwa macho, navyo hupenya ngozi ya anayefua, anayevua, anayeoga au anayelima mpunga. Minyoo hukomaa na kuishi miaka kadhaa katika mishipa inayozunguka kibofu, ikitaga mayai yenye mwiba mmoja mkiani. Baadhi ya mayai hupasua njia na kutoka na mkojo, na hapo ndipo damu huonekana, mara nyingi mwishoni mwa haja. Mengine hukwama kwenye ukuta wa kibofu, na mwili hujenga kovu kuyazunguka. Katika baadhi ya jamii mvulana aliyekojoa damu alidhaniwa kuwa anapevuka tu, kwa kuwa wenzake wote walikuwa hivyohivyo. Ugonjwa uliompata kila mtoto wa kijiji ukakosa kuonekana kuwa ugonjwa.

Sasa mtoto huyo akipelekwa zahanati, kijiti kitasema kuna chembe nyeupe na damu, na akiandikiwa antibayotiki atakuwa amepewa dawa isiyomgusa mnyoo hata kidogo. Dawa ya kichocho ni prazikwanteli, hutolewa kwa uzito wa mwili, mara nyingi kwa siku moja. Kuipata kunategemea mtu kuuliza swali moja tu: unaoga au unafua wapi? Na kipimo chake kina saa yake. Mayai hutoka kwa wingi karibu na adhuhuri, hivyo mkojo unaofaa ni ule unaokingwa kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana. Wapimaji wengine humwambia mtoto akimbie au aruke kidogo kwanza. Mililita 10 huvutwa kwa bomba la sindano, hupitishwa kwenye kichujio chembamba, kisha kichujio huwekwa chini ya hadubini. Ukileta mkojo wa alfajiri ulioamka nao, unaweza kuambiwa huna kitu na bado unacho. Kwa wanawake kichocho hicho hukaa pia kwenye shingo ya kizazi na ukeni, kikaleta majimaji, maumivu na damu baada ya tendo la ndoa, na wengi hutibiwa magonjwa ya zinaa wasiyokuwa nayo, pamoja na aibu na ugomvi wa nyumbani unaofuatana na hukumu hiyo. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2015 kitabu kidogo cha picha ili wahudumu waweze kukitambua kwa macho. Zanzibar imeonyesha kwamba maambukizi yanaweza kushushwa sana kwa kugawa dawa kwa jamii nzima, kuua konokono na kufundisha watoto, ingawa yakiachwa katika shehia chache huanza kupanda tena.

Ninakaa kwenye kichocho kwa sababu kinaunganisha mwanzo na mwisho wa maisha ya kibofu. Mwaka 1994 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililoko Lyon, Ufaransa, lilikiweka katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani kwa binadamu, kundi lilelile la moshi wa sigara. Kovu la miaka mingi likichubuliwa na mayai kila siku huweza kugeuka saratani ya kibofu. Dalili kuu ya saratani hiyo ni damu kwenye mkojo, mara nyingi bila maumivu yoyote, na hapo pana mtego. Tumezoea kupima uzito wa ugonjwa kwa maumivu. Mkojo unaochoma unampeleka mtu dukani siku hiyohiyo. Mkojo mwekundu usiouma unamfanya ajiulize kama alikula nini jana. Kwa njia ya mkojo mizani hiyo inadanganya. Damu inayoonekana kwa macho kwa mtu aliyevuka miaka 40, hata kama imetokea mara moja tu ikapotea, inahitaji daktari, kipimo cha ultrasaundi, na mara nyingi kibofu kutazamwa kwa kamera ndogo. Kwa mvutaji sigara sharti hilo ni kali zaidi. Kuna atakayesema nawatia watu hofu, kwa kuwa mara nyingi damu kwenye mkojo haitokani na saratani. Ni kweli, mara nyingi haitokani. Lakini hakuna njia ya kuitofautisha kwa kuitazama chooni, na aliyeambukizwa bakteria kweli atapoteza muda kidogo akichunguzwa, ilhali mwenye uvimbe akipewa dozi tatu mfululizo atapoteza miezi ambayo hairudishwi.

Kwa wanaume nina machache ya kuongeza, lakini ni ya lazima. Tezi dume imekaa chini ya kibofu na kuuzunguka mrija wa mkojo. Kwa kijana ina gramu 20 hivi. Umri ukisogea hukua, na kufikia miaka 60 karibu nusu ya wanaume wana ukuaji huo ukichunguza nyama yake kwa hadubini. Mkojo unachelewa kuanza, unatoka kwa nguvu ndogo, unakatika, na usiku mtu anaamka mara tatu au nne. Kibofu kisichokauka hubaki na mkojo uliotuama, na bakteria hustawi humo. Mzee huyu ana UTI ya kweli. Kijiti hakikukosea na hata kuotesha kutakubali. Bado jina hilo linaficha kinachoendelea, kwa sababu kila dozi itasafisha maji yaliyotuama na kuacha kizuizi mahali pake. Kwa mwanamume, UTI ya kwanza kabisa ni sababu ya kuuliza kwa nini imeweza kupanda sentimita zote zile. Dawa za kulegeza shingo ya kibofu zipo, na upasuaji upo. Asiyeuliza huweza kuamka siku moja mkojo umegoma kabisa, tumbo limejaa, jasho linamtiririka, wakati mwingine baada ya kumeza vidonge vya mafua vya kufungua pua, ambavyo hubana misuli ya shingo ya kibofu. Hiyo ni dharura: anahitaji kuwekewa mpira wa mkojo saa hiyohiyo. Kumnywesha maji zaidi ili mkojo "usukumwe" ni kumuongezea mateso.

Saratani ya tezi dume ni jambo jingine, ingawa ndiyo inayoongoza kwa wanaume katika nchi nyingi za Afrika kusini mwa Sahara. Huanzia mara nyingi pembeni mwa tezi, mbali na mrija, hivyo mwanzoni haileti dalili zozote za mkojo. Anayengoja mkojo umsumbue ndipo apime anangoja ishara isiyokuja mapema. Kipimo cha damu cha PSA nacho hupanda kwa UTI na kwa mkojo uliozuiliwa, kwa hiyo kukipima katikati ya maambukizi ni kujitafutia hofu ya bure. Wataalamu hawakubaliani kama kila mwanamume asiye na dalili apimwe, maana kipimo hufumania pia saratani za polepole ambazo zisingemuua mtu, na matibabu yake huacha wengine wakishindwa kuzuia mkojo au kusimamisha. Maoni yangu ni kwamba mwenye baba au kaka aliyeugua ana sababu nzuri ya kuzungumza na daktari kuanzia miaka 45 au mapema kidogo. Na kipimo cha kidole ambacho vijiwe vimekigeuza kuwa dhihaka hakichukui hata dakika moja. Kwa hili tu naungana na wanaosema haya inatuua: wanaume wanaozungumzia UTI hadharani hawazungumzii hicho.

Turudi kwa wanawake, ambao ndio wanaobeba mzigo mkubwa wa UTI halisi. Imani imeenea kwamba ugonjwa huu unaokotwa kwenye vyoo vichafu, na wasichana wa bweni hufundishwa kuchuchumaa juu juu bila kugusa. Bakteria wanaohusika, nimesema, hutoka kwenye utumbo wa mwenyewe. Choo kichafu kina madhara yake, ila kwa njia nyingine: msichana anayekichukia hanywi maji mchana kutwa na hubana mkojo hadi arudi nyumbani. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2018, wanawake waliokuwa wakisumbuliwa na UTI za kujirudia waliongezewa lita 1.5 za maji kwa siku, na katika mwaka mmoja marudio yao yalipungua karibu nusu. Mkuu wa shule mwenye bajeti ndogo, akinunua maji ya kunywa na komeo za milango ya choo, atakuwa amefanya tiba kuliko duka la dawa lililo mkabala na geti. Mjamzito ana hukumu yake: UTI kwake hupanda upesi kwenye figo na huweza kuleta uchungu kabla ya wakati, hivyo hutibiwa hata bila dalili kipimo cha kuotesha kikithibitisha. Na mama anayevuja mkojo usiku na mchana baada ya uchungu uliochukua siku nzima au zaidi hana UTI, hata kijiti kiseme nini. Ana fistula, na inashonwa. Hospitali ya CCBRT Dar es Salaam imefanya kazi hiyo kwa miaka mingi.

Limebaki pingamizi la gharama na umbali, nalo ndilo ninaloliheshimu kuliko yote. Kuotesha mkojo hakupatikani katika zahanati nyingi, majibu huchukua siku mbili au tatu, na mtu anayelipwa kwa siku hawezi kurudi mara tatu mjini. Maduka ya dawa muhimu, ambayo Tanzania iliyaanza kwa majaribio Ruvuma mwaka 2003, yalianzishwa kwa sababu hiyohiyo: msaada uwe karibu. Sitaki yafungwe, wala sitaki kila anayeungua akikojoa apelekwe Muhimbili. Ninachodai ni kwamba tiba ya kubahatisha iwe na kikomo, na kikomo hicho kijulikane na mnunuzi na muuzaji. Dozi moja kwa mwanamke kijana asiye na mimba ni kubahatisha kwenye busara. Dozi ya pili ndani ya wiki chache bila kuotesha ni kamari. Gharama nayo ikihesabiwa vizuri haimpendelei mwenye haraka: jumlisha sipro, sindano, nauli na siku za kazi zilizopotea katika raundi nne za UTI isiyojulikana, uone kama hazijapita bei ya kuotesha mara moja. Gentamisini inayopigwa ovyo huweza kudhuru figo na masikio, na mgonjwa aliyekuwa na tatizo moja akapata mawili.

Yapo pia mambo ambayo hayangoji hata dozi hiyo moja. Homa na baridi pamoja na maumivu ya ubavuni maana yake figo imefikiwa. Ikiwa kuna jiwe limeziba njia, saa chache zinahesabika. Mvulana au kijana aliyeamka ghafla na maumivu makali ya korodani moja, pengine na kutapika, korodani yake huenda imejisokota, na baada ya saa 6 hivi nafasi ya kuiokoa hupungua haraka. Akipewa dawa ya UTI akaambiwa arudi kesho, kesho itakuwa ya kuikata. Mkojo uliogoma, mabonge ya damu, mtoto mchanga mwenye homa isiyoeleweka: hawa wote waende hospitali siku hiyohiyo. Korodani iliyovimba bila kuuma, mkojo unaozidi kudhoofika, kiu kali inayofuatana na kukojoa sana (sukari hiyo, kwa kawaida), majimaji yanayotoka uumeni na mwenza ambaye hajatibiwa: hawa wanaweza kungoja kliniki ya wiki hii, ila si ya mwaka huu.

Na kwa anayeondoka hapa akiwa katikati ya raundi ya tatu, kuna kifaa ambacho wagonjwa wengi wa kwetu wanacho tayari: daftari la kutibiwa, lile la kurasa themanini linalokunjwa kwenye mkoba. Dawa inayonunuliwa dukani haiandikwi humo, na ndiyo maana kila mhudumu anaanza upya kana kwamba ni mara ya kwanza. Iandike mwenyewe: tarehe, jina la dawa, siku ulizomeza, na kama mkojo ulioteshwa au haukuoteshwa. Andika rangi ya mkojo siku ulipoona damu, na mto au bwawa ulilooga utotoni. Kisha lifungue mezani kwa daktari kabla hajakuandikia chochote, umwombe asome kurasa mbili za mwisho.